Uso wa Mama na Akili ya Mutoto



Leo, mbele ya kupima kilo, tuzungumze juu ya akili ya mutoto. Mumekwisha kuona mutoto wa mwaka 1 hivi akikutana na mbuzi mara ya kwanza. Anafanya nini? Anasimama, kisha anageuka kutazama uso wa mama yake. Mama akicheka, anakaribia. Mama akiogopa, naye analia. Mbuzi ni yule yule. Uso wa mama ndio unamwambia kama ni muzuri ao mubaya.

Ndani ya ubongo muko dawa ambazo mwili wenyewe unazitengeneza. Moja inaitwa dopamini. Mutoto akipata kitu kizuri kupita alivyofikiri, dopamini inapanda, na ubongo unasema: "Shika hili!" Akingojea kitu na kisije, inashuka, na ubongo unasema: "Geuza mawazo." Mutoto anayetupa kijiko chini mara 10 si mukaidi. Anapima kama mama atakiokota tena. Ndivyo anavyojifunza.

Dawa ingine ni kortizoli. Inatoka wakati wa woga. Kidogo inasaidia, inaamsha mwili. Lakini mutoto akikaa siku nyingi bila kujua kama atabebwa ao atapigwa, atakula ao atalala njaa, inazidi. Masikio yake yanatafuta hatari tu, na masomo hayaingii.

Sasa, kuna mama anayesema, "Tunaenda soko," kisha anamuleta mutoto kwa sindano. Siku ingine akisema kweli, mutoto atamusadiki namna gani? Mumwambie: "Itauma kidogo, nami nitakubeba." Kisha mumubebe kweli.

Basi, mufanye hivi:

1. Neno mulilomwambia mutoto, mulitimize.

2. Kula, kuoga na kulala vifuatane vile vile kila siku. Hata kama vita vimewakimbiza toka kwenu, wimbo ule ule wa kulala unamusaidia.

3. Akikosea, mumuonyeshe tena pole pole. Musimupige.

4. Ubongo unatumia madini ya chuma kwa kutengeneza dopamini. Kisha miezi 6, pamoja na kunyonya, mumupe uji wenye ndagala zilizosagwa, maharagi, na nyama ikipatikana. Malaria na minyoo zinapunguza damu. Kwa hiyo alale ndani ya chandarua. Mukiona viganja vyake havina tena rangi ya damu, mumulete kwa munganga upesi. Musinunue vidonge njiani.

Wamama, hakuna mutu anayejua mambo yote ya kesho. Lakini mutoto akijua kwamba mama yake ni yule yule leo na kesho, atakuwa na nguvu ya kujaribu, kukosea, na kujaribu tena.

Mungu awabariki. Sasa tuanze kupima.