Rimu Inayoingia na Rimu Yake

Mhadhara wa umma, Kanduyi



Gari kuukuu la Marekani likifunuliwa turubai huku kwetu, Kitale au Bungoma, wanunuzi hukimbilia injini. Mimi huinama kwenye magurudumu. Barabara zetu zimevunja rimu nyingi kuliko injini, na fundi aliyebanwa na safari huvalisha inayoingia.

Tuchukue Ford Model A. Rimu zake ni za spoki za chuma zilizochomelewa. Hazikazwi kwa nati ndogo kama za baiskeli. Za 1928 na 1929 zina kipenyo cha inchi 21, za 1930 na 1931 inchi 19. Bolti ni 5, kwenye duara la inchi 5.5, yaani milimita 139.7. Duara hilohilo liko kwenye Suzuki Jimny! Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani. Ukipata milimita 82, ndilo hilo. Ukipata 67, ni duara la inchi 4.5, la Ford nyingi za V8 za miaka ya 1960, na la Toyota kadha wa kadha zinazopita hapa zikielekea Malaba. Kwa hiyo matundu kulingana si ushahidi wa kutosha. Pima pia tundu la katikati na upana, kisha uangalie rimu imeingia ndani kiasi gani.

Vitabu vya Marekani navyo vinaweza kutupoteza. Ford ya Canada, iliyoanzishwa 1904, ndiyo iliyopewa soko la makoloni ya Uingereza, ikaunda magari ya usukani wa kulia. Namba ya injini ya Model A ya huko huanza na herufi C. Mtu anayeagiza usukani wa kushoto ili gari lake lifanane na picha ya Detroit analiharibu kwa gharama kubwa, na sioni haja ya kumficha.

Kwenye Safari Rally ya Pasaka, Machi 1964, kampuni ya Ford ilileta Mercury Comet za V8. Mbili tu ndizo zilizomaliza, moja ikiendeshwa na Joginder Singh, aliyeshinda mwaka uliofuata kwa Volvo. Tuseme mtu akuletee Comet akiapa kuwa ilikuwa kwenye mbio zile. Hesabu bolti za gurudumu kwanza: Comet ya silinda sita ya mwaka huo ilitoka kiwandani na bolti 4, ya V8 na bolti 5. Akikuonyesha V8 kwenye bolti 4, injini hiyo ni mgeni.

Bolti zikiwa 5, chukua brashi ya waya usugue chuma cha injini. Namba ya Ford inayoanza na C4 inataja miaka ya 1960 na mwaka unaoishia na 4, yaani 1964. Herufi ya tatu hutaja aina ya gari, G ikiwa Comet na Z Mustang. Lakini huo ni mwaka wa kubuniwa kwa kipuri. Siku ya kumiminwa chuma huandikwa kando: 4E12 ni tarehe 12 Mei 1964. Injini iliyomiminwa Mei haikukimbia Machi, hata muuzaji alie machozi.

Je, rimu ya Suzuki iliyovalishwa Model A tuitupe? Hapana. Inaonyesha jinsi gari lilivyoishi huku, na mimi ningeitunza pamoja na spoki zilizochomelewa upya na mafundi wa jua kali. Ninachodai ni daftari: kipuri kipi kilitoka kiwandani, kipi kimetengenezwa upya kwa kuiga, kipi kimeazimwa kwenye gari jingine. Mnunuzi apewe daftari hilo kabla ya kutaja bei.