Wanawake Wahamiaji wa Mwambao wa Mweru na Haki ya Taswira Zao

Naomba idhini ya kusema neno moja ambalo kwa maoni yangu ndilo shina la shughuli yote iliyotukutanisha katika semina hii ya kuandaa maonyesho ya picha na filamu za wanawake wahamiaji, nalo ni hili: mwanamke aliyehama akipigwa picha, au maisha yake yakitengenezewa filamu, yeye ndiye mwenye mali, na sisi wenye kamera tu wageni wake. Tukilishika neno hili, maonyesho tunayoyakusudia yatakuwa heshima ya dhati kwa wanawake hao. Tukilitupa, basi hata tukiwamiminia sifa za kila namna tutakuwa tumewachukulia kilicho chao tukaenda zetu.

Pweto, katika Kongo, ni mahali panapolistahili sana jambo hili. Mji wetu umekaa pale ambapo ziwa Mweru, baada ya kuyapokea maji ya Luapula kutoka kusini, linautoa mto Luvua kwenda kuonana na Lualaba huko Ankoro, na jirani yetu wa mashariki ni Zambia, ambako Wabwile wa upande ule na Wabwile wa upande huu wanaoana na kuzikana kana kwamba mpaka haukupata kuchorwa. Tena tarikhi ya ziwa hili, kama inavyosimuliwa na wazee, imefungwa katika jina la mwanamke. Nachituti, dada yake mtawala Nkuba wa Washila, alipouawa mwanawe kwa amri ya kaka yake huyo, alikwenda kumlilia Kazembe, mkubwa wa Walunda waliokuwa wamehamia bonde la Luapula kutoka magharibi. Na Kazembe alipokwisha kumlipizia kisasi, Nachituti akampa nchi na maji. Kwa hiyo wahamiaji wale walipata uhalali wa kukaa hapa kwa hiba ya mwanamke mwenyeji, na machifu na wavuvi wameitaja hiba hiyo vizazi kwa vizazi kila ilipotokea daawa ya nani mwenye ziwa. Sijui ithibati gani kubwa kuliko hii ya kwamba habari za uhamiaji katika nchi yetu hazisimuliki pasipo wanawake.

Lakini kamera ilipoingia Kongo haikuja na adabu ya masimulizi yale. Casimir Zagourski, Mpolandi aliyefanya makao yake Léopoldville, alizunguka nchi kabla ya vita kuu ya pili na kuzitoa picha zake kwa kadi za posta chini ya anwani isemayo kwamba Afrika inatoweka. Ufundi wake haukanushiki, na baadhi ya sura alizozipiga ni nzuri hata leo. Hata hivyo aghalabu mwanamke katika kadi za zama zile aliandikwa kabila lake basi, asitajwe jina, wala mji, wala mume, wala mtoto, na kadi yake ikauzwa Ulaya kwa watu ambao hawakuwa na haja ya kumjua.

Huko Katanga kusini mambo yalichukua sura nyingine. Kampuni ya shaba ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa ikichukua wafanyakazi Kasai, Ruanda-Urundi na Rodeshia ya Kaskazini, na ilipoona hasara ya kuajiri watu wa kuja na kuondoka, ilianza mnamo 1928 siasa ya kuwakalisha kwa mikataba ya miaka mitatu, ikawahimiza waje na wake zao. Ndipo wanawake wa lugha nyingi wakajikuta mlango kwa mlango katika kambi za Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wakipokea posho pamoja, wakifundishwa cherehani na mapishi ya Kizungu na mabibi wa kampuni, nao kwa upande wao wakifundishana mapishi yao wenyewe na kulea watoto ambao Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha yao ya kwanza. Mji wa Lubumbashi tuujuao leo ulifanywa na wanawake hawa kadiri ulivyofanywa na shaba, ilhali katika nyaraka za kampuni picha zilizo nyingi ni za mitambo na za wanaume waliopangwa safu.

Namshukuru Mungu kwamba wana wa Lubumbashi wenyewe wamelishughulikia deni hili la kumbukumbu. Sammy Baloji, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1978, alizitoa picha za kale za wafanyakazi katika nyaraka na kuziweka juu ya magofu ya viwanda vya leo, katika kazi yake ya 2006 iitwayo Mémoire. Na mwaka 2008 yeye na wenzake, Patrick Mudekereza akiwa mmojawapo, wakaasisi chama cha Picha, kilichozaa maonyesho makubwa ya sanaa ya mji huo. Hata kabla yao, Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na mwenziwe Bogumil Jewsiewicki walikuwa wamekusanya kumbukumbu za raia wa kawaida, na mwaka 2002 kikatoka kutokana na kazi hiyo kitabu kuhusu wanawake, mitindo na muziki wa mji huo.

Sasa nirudi kwetu, kwani mizani ya mada yangu iko hapa. Mnamo Desemba 2000 vita viliuangukia mji wa Pweto, na maelfu ya watu, wanawake na watoto wakiwa ndio wengi, wakavuka kuingia Zambia, wakakaa miaka katika kambi za Mwange na Kala. Kuanzia 2007 wakaanza kurejeshwa makwao. Hawajatulia vizuri, mapigano ya Waluba na Watwa katika jimbo la Tanganyika yakawasukuma wengine kuja Pweto, na tangu mwishoni mwa Agosti 2017 wengine wakavuka tena kwenda Nchelenge huko Zambia, wakapokewa katika kituo cha Kenani, kisha katika makazi ya Mantapala yaliyofunguliwa 2018. Ndiyo maana katika mtaa mmoja wa mji huu utamkuta mwenyeji aliyehifadhi, aliyehifadhiwa, na aliyewahi kuwa yote mawili.

Tazameni basi picha zilizoenea duniani za wanawake hao. Turubai la plastiki, bidoni ya njano, mtoto mgongoni, jicho linalotazama mbali. Sisemi kwamba picha hizo ni za uongo, maana dhiki ilikuwako na iko. Nasema kwamba zimeyakata maisha ya mtu zikachukua kipande kimoja, na kipande chenyewe ni kile ambacho mwenyewe angependa kionwe mwisho. Mwanamke wa kwetu akiambiwa atapigwa picha, huomba kwanza nafasi ya kunawa uso, kufunga kitenge chake kizuri na kumtengeneza mtoto. Na mpiga picha mwenye haraka humzuia, akimtaka abaki vile vile alivyomkuta na jembe. Kumzuia huko nakuona ni kosa kubwa, kwa sababu kitenge kile ni kauli yake, nayo yasema yeye ni nani na anataka kukumbukwaje.

Na ziko habari ngapi ambazo hazijapigwa picha! Wako wanawake wafanyao biashara ya chisense, yaani vidagaa vya Mweru vinavyovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani juu ya mchanga, na biashara hiyo ilikua mikononi mwao hasa baada ya samaki wakubwa kupungua, hata leo magunia yao yanafika Lubumbashi na kuingia miji ya migodi ya Zambia. Mama wa namna hii anajua bei za masoko ya nchi mbili, anahesabu kwa faranga na kwa kwacha, anajadiliana na wenye malori kwa Kiswahili, na pia na wavuvi kwa Kibemba. Kisha aingiapo jikoni, utamkuta akitwanga viazi vya mwituni pamoja na karanga apike chikanda, chakula kipendwacho pande zote mbili za mpaka, ambacho mama mgeni na mama mwenyeji hukitengeneza kwa namna zinazotofautiana, kila mmoja akishikilia kuwa yake ndiyo yenye ladha. Hapo ndipo penye filamu. Mchanganyiko wa tamaduni tunaousifu katika hotuba hukaa katika sufuria hiyo, na katika maneno ya wapishi wake, na mwenye kamera asiye na subira ya kukaa jikoni kutwa nzima hataupata.

Kuhusu njia ya kazi, uko mfano wa kuigwa. Katika miaka ya 1990, Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwapa kamera wanawake wa mashambani katika jimbo la Yunnan huko Uchina, wakawaacha wapige wenyewe yale waliyoyaona kuwa ni shida na fahari yao, kisha wakakaa nao kuzizungumza picha hizo na kuzipeleka mbele ya wakuu wa serikali. Kwetu leo simu ya mkononi yatosha. Naongeza masharti ambayo nayaona hayana mjadala: ridhaa iombwe kwa lugha anayoota kwayo mwanamke atakayepigwa picha, ikiwa ni Kibwile, Kizela au Kitabwa, na aambiwe waziwazi picha itakwenda wapi, sauti yake isikike ikimaliza jambo lake kabla mfasiri hajaingia, jina lake liandikwe akitaka liandikwe, na yule aliyedhulumiwa mwili wake vitani, au mwenye kuogopa wanaomtafuta, uso wake ufichwe bila ya kubembelezwa abadili nia.

Ombi langu la mwisho kwa wasimamizi wa semina hii ni kwamba filamu na picha zitakazotokana na kazi yetu zionyeshwe kwanza hapa Pweto, usiku, ukutani, kwa jenereta ikibidi, mbele ya wenyewe, wapate kusema lipi libaki na lipi litolewe. Na kabla ya kitu chochote kupakiwa kwenda Lubumbashi au ng'ambo, kila mama awe amekwisha kukabidhiwa nakala ya picha yake iliyochapishwa, mkononi mwake.