Kabla Bonasi ya Chai Haijaishia kwa Virutubisho

Msikilizaji, mchuma chai wa Sigowet akikosa hedhi miezi kadhaa na ndevu zikamwota kidevuni, wapo watakaomwita tasa. Huenda ni PCOS, hitilafu ya homoni ambayo Shirika la Afya Duniani lakadiria huwapata wanawake 10 hadi 13 kati ya 100 wenye umri wa kuzaa. Wengi wao hawajapimwa.

Wanaouza vifurushi vya virutubisho huahidi kung'oa chanzo. Ushauri wao wa chakula ni sahihi: punguza sukari kwenye chai, ongeza managu na maharagwe. Lakini tiba ya kuondoa PCOS kabisa haijapatikana. Dawa za kuidhibiti zipo: metformini husaidia insulini kufanya kazi, letrozoli huchochea yai kupevuka.

Dada, bonasi ikiingia, anzia hospitalini: pimwa sukari na presha.