Saa ya Kula ya Mayatima

 

Kila mwaka katika mkutano huu husomwa hesabu ya chakula cha watoto wetu: magunia ya unga, madebe ya mafuta, maharagwe. Ni wajibu isomwe. Lakini leo nawapeni habari ya nyumba mbili za mayatima katika mji wa Duisburg, Ujerumani, mwaka 1948, nchi ile ilipokuwa ingali na dhiki ya vita.

Kila nyumba ilikuwa na watoto wapatao 50, nao walikula posho ya serikali tu. Bibi Elsie Widdowson, Mwingereza mtaalamu wa vyakula, aliwapima miezi 6 bila kuwazidishia kitu. Miezi 6 iliyofuata nyumba moja ikapewa mkate bila kipimo, jamu na maji ya machungwa. Ya pili ikabaki na posho yake.

Ajabu ni kwamba waliozidishiwa chakula waliongezeka uzito kidogo kuliko wale wasiozidishiwa!

Sababu ilikuwa mtu. Nyumba isiyopewa mkate ilikuwa kwanza chini ya bibi mkali, ambaye desturi yake ni kungoja saa ya kula ndipo awakaripie watoto mbele ya wenzao. Supu hupoa, mtoto analia. Kwake waliongezeka kama nusu kilo tu, hali wenzao wa nyumba ya pili walipata karibu kilo moja na nusu. Ikasadifu kuwa mkate ulipoanza kutolewa, bibi huyo akahamishiwa nyumba ile ya mkate. Alikwenda na wapenzi wake 8, na hao walinawiri kotekote.

Wala si habari ya mbali nasi. Daktari R. F. A. Dean, aliyefanya kazi na wataalamu hao Ujerumani, ndiye baadaye aliyeongoza utafiti wa utapiamlo wa watoto hapa Mulago.

Msinifahamu vibaya: upole haushibishi sufuria tupu. Lakini mimi nililelewa bwenini, na hata leo nikisikia bakora ikigonga meza, tonge hunikwama.

Basi naiomba kamati, pamoja na magunia, ituandikie ni nani huketi na watoto wakila. Jina langu liwekwe Ijumaa jioni, sinia moja nao.