Mmeachana, Watoto Je?



Ama baad. Ndugu zangu, mwezi huu tumesikia mengi juu ya saumu na zaka, lakini maswali tunayoulizwa baada ya tarawehe ni mengine kabisa. Binti husubiri watu waondoke, kisha anasema, "Ustadh, mume wangu aliniacha kwa simu. Huu mwaka wa pili hajatuma hata shilingi ya unga. Nifanyeje?" Nimeulizwa hivyo Migori, nikaulizwa Kendu Bay, nikaulizwa Mbita. Basi leo tuliseme hadharani.

Kwanza hiyo talaka yenyewe. Ikiwa ni ya kwanza au ya pili, mke yuko edani, na madamu ni talaka rejea, makao na nafaka ni juu ya mume. Si kumtolea sanduku nje usiku. Ukiachwa kwa simu au kwa ujumbe, usijikatie shauri mwenyewe, wala usimwachie jirani akufasirie. Nenda kwa Kadhi aangalie yalivyosemwa, na talaka iandikwe. Dada asiye na karatasi atapata shida siku akiposwa tena, maana yule bwana anaweza kusema hakuacha.

Lakini fahamuni mpaka wa Kadhi. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinampa ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu kisheria, pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa kwake. Huku kwetu wengi wameoa wake Wakristo. Hao kesi yao iko kwa hakimu wa kawaida, hata kama bwana anaswali safu ya mbele.

Sasa watoto, na hapa ndipo penye moto. Utasikia mzee akisema, "Ng'ombe zilitolewa, watoto ni wa boma letu," basi mtoto wa miaka mitatu anabebwa na shangazi. Ndugu yangu, kwa sheria yetu mtoto mdogo malezi yake ni kwa mama kwanza. Katika madhehebu ya Shafi, akifika umri wa kupambanua, kama miaka 7, huulizwa anataka kukaa na nani. Mama akiolewa na mume mwingine, wanavyuoni wanasema haki ile humtoka, na bibi mzaa mama ndiye anayefuata. Mahakama ya Watoto, chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, hutanguliza maslahi ya mtoto. Dini na mila hutazamwa, na mtoto mwenyewe husikilizwa, lakini ng'ombe peke yake hazitoshi.

Na akilala kwa mama, akilala kwa bibi, nafaka haihami. Fiqhi inamtwika baba. Katiba, kifungu cha 53, inawatwika baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Wengine humwambia mke, "Nitakupa talaka yako, lakini usinidai kitu cha watoto." Dada, mahari ni yako, ukitaka khului unaweza kuirudisha. Chakula cha mtoto si chako, huwezi kukitoa. Mbele ya mahakama maneno hayo hayatamfunga mtoto.

"Kiasi gani?" Surat At-Talaq, aya ya 7, inarejesha kwenye uwezo wa mtu. Mvuvi wa omena hana mshahara. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi ziwani, na yeye hana kitu. Mchimba dhahabu wa Macalder leo anacho, kesho hana. Basi wasipangiwe kama mwalimu. Kubalianeni kwa juma: siku za giza atume zaidi, siku za mbalamwezi apunguze, karo isemwe mbali. Na zipitie M-Pesa, tafadhali! Nimekaa kwenye vikao ambapo baba anaapa alituma, mama anaapa hakupokea, na binamu aliyepewa hizo pesa mkononi hayupo.

Mkishindwa kwa wazee, nendeni kwa Afisa wa Watoto. Huko mnaweza kuandikiana mapatano na kutia sahihi, na mmoja akiyavunja, kuna Mahakama ya Watoto. Mtoto akiteswa au kufichwa, nambari 116 hupigwa bila malipo. Wako wanaosema kumshtaki baba wa watoto wako ni utovu wa adabu. Hind binti Utba alimlalamikia Mtume (s.a.w.) juu ya mumewe Abu Sufyan, hakukemewa, aliruhusiwa achukue kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema.

Nawe kijana unayeleta tende na maziwa msikitini kila magharibi, Allah akulipe. Ila wanao wanafuturu nini huko Rongo kwa mama yao?

La mwisho, kwa sababu Idi iko karibu. Zakatul-fitri humlazimu mtu kwa nafsi yake na kwa wale walio katika nafaka yake. Watoto wako wadogo wasio na mali wamo, hata kama mama yao ulimwacha. Ukipima pishi zako usihesabu waliolala nyumbani kwako tu. Hesabu na wale wa Rongo, uitoe kabla ya swala ya Idi.

Wassalaam alaykum.