Makofi Hayapunguzi Maotea

(Maneno ya Kamati ya Elimu kwenye mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na wale waliofika wakakaa nyuma wasisikie.)

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mliosimama pale mlangoni,

Tumeombwa tuseme juu ya kujiendeleza na kutokata tamaa kazini. Hotuba za namna hii mmezisikia nyingi, na nyingine tulizitoa sisi wenyewe. Mtu anasimama, anasema bidii, bidii, watu wanapiga makofi, kisha kila mmoja anarudi kwake na jembe linabaki limeegemea ukuta. Kwa hiyo leo tutasema habari moja tu, na ni habari yetu wenyewe. Haitupi sifa.

Mnakumbuka mwaka juzi, mwezi wa Februari. Mibuni yetu ilikuwa imezeeka, mingine tuliachiwa na babu zetu. Matawi marefu, matunda yako juu kabisa kama ya ndege. Bwana shamba akaja akatuonyesha kukata visiki. Unakata shina kwa msumeno, kiasi cha sentimita 30 hadi 45 kutoka chini, unakata kwa mshazari ili maji ya mvua yasituame. Kisiki kinachipua. Machipukizi yanatoka mengi kama ufagio, nawe unachagua mawili au matatu yenye nguvu, mengine unayang'oa. Yakirudi unang'oa tena. Mavuno ya maana ni mwaka wa tatu.

Wanachama 34 walinyosha mikono siku ile, na makofi yalipigwa sana. Masika ilipokwisha tukapita mashambani kuhesabu. Waliokuwa wanapunguza maotea ni 11. Na kati ya wale 23 walioacha, wawili ni wajumbe wa kamati hii. Ndiyo hivyo jamani, msicheke sana.

Kwa nini ikawa hivyo? Kazi ya kukata ilikuwa tamu. Msumeno unalia, mti unaanguka, watoto wanakusanya kuni, jioni mtu anaona alichokifanya. Lakini kupunguza maotea hakuonekani. Unainama asubuhi nzima, ukiinuka shamba ni lile lile, fedha hakuna, na shule zimefunguliwa. Hapo ndipo moyo unapotoroka. Sisi tulidhani mtu mwenye bidii hafiki hapo. Sasa tumeona kila mtu anafika, ila wapo wenye kitu cha kushika wakifika.

Tulikwenda kuwauliza wale 11, tukitegemea kupewa siri kubwa. Bibi mmoja wa kule juu karibu na mfereji tulimkuta yumo katikati ya visiki vyake. Tukamwamkia, akaitika, akaendelea na kazi. Tukamwuliza, bibi, moyo wa kazi hii unaupata wapi kwa umri wako?

Akasema, "Moyo? Leo sina hata kidogo. Magoti yananiuma. Lakini leo si Jumatano?"

Kumbe yeye na jirani zake watatu wana msaragambo wao kila Jumatano, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Mmoja akichelewa, wenzake wanakwenda kumgongea mlango, na chai wamekuja nayo. Na mfukoni ana daftari. Kila mstari wa mibuni ameuandika: visiki vingapi, vyenye mashina mawili ni vingapi, vyenye matatu, na vilivyokufa. "Shamba lenyewe lilikuwa halinionyeshi kitu," alituambia, "nikawa natazama daftari." Wote 11 hawana daftari, tuseme ukweli, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa anafanya peke yake. Na sasa hivi, mwezi huu wa Agosti, wanachuma matunda mekundu wakiwa wamesimama chini, bila ngazi.

Kuandika huko bibi hakujifunza shule ya watoto. Alijifunza mwaka 1974, tayari ni mama wa watoto wawili, katika darasa la jioni. Vijana hamkuyaona mambo yale. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Nchi ilipohesabiwa mwaka 1967, kama watu wazima wawili katika kila watatu walikuwa hawajui kusoma. Kufika mwaka 1986 ikasemwa wamebaki kama mmoja katika kumi. Katikati hapo, mwaka 1973, ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu kama milioni mbili wakakaa vikundi vikundi kusikiliza redio. Wakishasikiliza wanajadiliana, kisha wanatoka kwenda kuchimba choo. Redio haikushika sururu hata siku moja. Kikundi ndicho kilichochimba. Bibi anasema na yeye alitaka kuacha darasa karibu kila wiki. Hakuacha, maana mwenzake alikuwa anampitia njiani, na penseli yao ilikuwa moja kwa watu wawili. Angebaki nyumbani na penseli, mwenzake angeandika na nini?

Sasa tufike pale panapotuuma.

Bwana shamba alisema ukate sehemu tu ya shamba, robo au theluthi, mibuni iliyobaki iendelee kukulisha. Sisi tukipita nyumba kwa nyumba kuhimiza watu, jazba ilitupanda, tukasema, "Kata yote, usiogope!" Ndugu yetu mmoja akatuamini. Akakata mibuni yake yote 180. Mwaka uliofuata hakuleta hata kilo moja kwenye mzani. Watoto wanadaiwa shuleni, akaenda mjini kubeba zege, huku nyuma maotea yakajaa. Na sisi tukafanya nini? Tukaandika jina lake kwenye ubao huu huu, chini ya kichwa "Wavivu wa Msimu". Tangu siku ile hajakanyaga mkutanoni. Mke wake anazunguka njia ya chini ili asipite hapa ofisini.

Hakuwa mvivu. Kosa lilikuwa letu, na tunamwomba radhi mbele yenu wote kama tulivyomwaibisha mbele yenu wote. Karatasi ile tumekwisha kuibandua.

Jumapili iliyopita wajumbe wawili walikwenda kwake. Aliwakaribisha, akawapa viti, akakaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza swali moja tu: visiki vyake bado vinafaa? Wakaenda kuvitazama kwa tochi, maana giza lilikuwa limeingia. Vingi vinafaa. Mashina ni membamba, sita au saba kwenye kisiki kimoja, yanagombania mwanga, lakini ni mazima.

Kwa hiyo Jumatano hii ni zamu yake. Tukutane saa moja asubuhi penye mashine ya kumenyea kahawa. Aje mtu na msumeno mdogo au kisu kikali, panga libaki nyumbani kwa sababu linapasua shina. Akina mama wenye mbegu za maharage waweke kidogo, vuli ikija tutapanda katikati ya mistari yake. Na tafadhali, asije mtu kumhotubia.

Zamu za Jumatano nyingine zinaandikwa kwa katibu, wameshajiandikisha 9. Wale wajumbe wawili walioshindwa na maotea wamewekwa mwisho kabisa wa orodha. Anayetaka kujifunza kuandika daftari la mistari kama la bibi, yeye mwenyewe amekubali kufundisha Alhamisi saa kumi jioni, hapa ofisini. Daftari uje nalo. Penseli zipo chache, mtagawana wawili wawili.

Kamati ya Elimu