Ushuru wa Forodha na Haki za Mchuuzi

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana,



Nimetakiwa nizungumze habari za bidhaa zitokazo ng'ambo na ushuru wake. Kisiwa chetu hakiundi magari wala simu, na mchele tulimao haututoshi. Karibu kila kilichomo madukani Darajani na Mlandege kimekuja kwa chombo. Kwa hivyo asidhani mtu kuwa ushuru wa forodha ni mzigo wa matajiri peke yao. Anayeulipa mwisho wa mambo ni yule anunuaye kanga ya mwanawe na kibaba cha mchele.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1833 Sayyid Said alifunga mkataba na Marekani, ukaandikwa ndani yake kuwa shehena wanayoiteremsha isitozwe ushuru uzidio 5 kwa mia. Ndipo zilipomiminika zile jora za nguo ambazo mpaka leo twaziita merikani. Forodha yenyewe ilikuwa ya kukodishwa, na kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji. Mkodishwaji humlipa mtawala kiasi kilichokatwa kwa mwaka, na kinachozidi huwa chake. Katika hali hiyo, mgeni alikuwa na karatasi mkononi ya kumlinda. Je, mchuuzi wetu wa leo analindwa na nini?

Analindwa na sheria, ndugu zangu, ila haisomi. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi tarehe 1 Januari 2005, na Unguja na Pemba, sawasawa na Dar es Salaam na Mombasa, zinafuata Sheria moja ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004.

Hesabu yake ni hii. Tuseme mtu amenunua bidhaa Guangzhou kwa dola 8,000, akalipa nauli ya meli dola 1,850 na bima dola 150. Forodha haitazami zile 8,000 peke yake; hutazama jumla, yaani dola 10,000. Kwa kiwango cha 25 kwa mia, ambacho ndicho cha bidhaa nyingi zilizokwisha tengenezwa, ushuru ni dola 2,500. Kisha huja kodi ya ongezeko la thamani. Tuseme ni 15 kwa mia: hiyo haihesabiwi juu ya 10,000, bali juu ya 12,500, nayo ni dola 1,875. Jumla ni dola 4,375, kabla ya ada za bandari na ujira wa wakala. Asiyejua kuwa kodi hupandishwa juu ya ushuru hufilisika na huku akidhani amepata faida.

Sasa nitasema linaloniuma. Bibi mmoja katika wanachama wetu alikusanya fedha za upatu na wenzake wakaagiza vitenge na vyombo vya nyumbani. Mzigo ulipofika, aliambiwa kwa mdomo kuwa bei iliyo katika ankara yake haikubaliki, na thamani ikapandishwa. Hakuuliza kwa nini. Siku zikapita, gharama za kuweka kontena zikaongezeka kila kulipokucha, mwisho akalipa kila alichoambiwa, na fedha nyingine akazitoa bila ya stakabadhi. Upatu ule umekufa mpaka leo. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini bibi huyu alikuwa na haki tatu. Ya kwanza, sheria inasema thamani ya kuanzia ni bei halisi aliyolipa mnunuzi. Ofisa akiikataa, ziko njia nyingine zilizopangwa kwa utaratibu, wala hatoi thamani kichwani mwake. Ya pili, mwenye mzigo akiomba kwa maandishi, ni lazima aelezwe kwa maandishi jinsi thamani ilivyopatikana. Ya tatu, ndiyo kubwa kuliko zote: kwa kifungu cha 229 anaweza, ndani ya siku 30, kumwandikia Kamishna auangalie upya uamuzi ule. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu, na asipojibu, maombi huhesabiwa yamekubaliwa. Asiporidhika na jibu, baraza la rufaa za kodi liko wazi.

Liko tena lile ambalo chama hakitanyamaza juu yake. Ikiwa forodha ni moja na sheria ni moja, ni hoja gani inayomfanya mtu aliyelipa ushuru Malindi atakiwe tofauti akivuka na mzigo wake kwenda Bara? Tunajua kuwa sheria za kodi ya ongezeko la thamani ni mbili, ya huku na ya kule. Lakini hilo ni jambo la Serikali mbili kukaa na kulitengeneza. Si la mchuuzi kulilipia. Malalamiko haya yamehesabiwa miaka mingi katika kero za Muungano. Hatuombi upendeleo. Twataka ushuru mmoja ulipwe mara moja.

Basi nawausia, ndugu zangu. Kabla fedha haijaondoka, pigeni hesabu mpaka mwisho. Wekeni ankara, hati ya shehena, hati ya bima na ushahidi wa malipo ya benki. Msitoe hata senti bila ya stakabadhi. Mkidhulumiwa, msinung'unike barazani: andikeni, tieni tarehe, na nakala ileteni tawini. Dhulma isiyoandikwa haina shahidi, na chama hakiwezi kuitetea.